Jinsi ya kumfikia bibi Mcherokee kwenye orodha ya Dawes: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Nimeulizwa hili swali mara nyingi mno na stori ni ileile. Mtu ameoa au ameolewa huku Oklahoma, au Arkansas, au Texas, familia ya mwenzake wanasema bibi yao alikuwa Mcherokee, yaani Mhindi Mwekundu wa kabila la Cherokee, watoto wamekua wameanza kuuliza, basi mtu anaingia mtandaoni usiku anaandika jina la bibi kwenye orodha ya Dawes, ile ambayo tume ya serikali ya Marekani iliwaandika watu wa Cherokee na makabila mengine manne ya huku Oklahoma zaidi ya miaka mia iliyopita. Anakuta watu kibao wenye jina hilo au hakuti mtu kabisa. Anakata tamaa. Au anachagua mmoja anayefananafanana, anajaza fomu ya kuomba uraia wa Taifa la Cherokee, na fomu inarudi.

Kosa sio la orodha, kosa ni kwamba ameanzia juu. Ile orodha ndo kitu cha mwisho kufungua, sio cha kwanza.

Mimi nilifanya hivyohivyo kwa upande wa mama mkwe wangu. Nilikaa miezi minne na Nancy mmoja, nikamwandikia ukoo mzima, kumbe sio Nancy wetu. Bibi yetu alizaliwa 1899 akaolewa 1918, mimi nikawa namtafuta kwa jina la mume kwenye orodha iliyofungwa kabla hajaolewa! Mwaka 1902 alikuwa mtoto wa miaka mitatu kwenye kadi ya baba yake (kila familia iliandikwa kwenye kadi moja), na jina la baba yake mimi nilikuwa hata silijui. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mtu aliyekwama palepale nilipokwama.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari moja au faili moja la kompyuta, sio vipande vya karatasi. Kila mtu apate ukurasa wake.
- Cheti cha kuzaliwa cha mhusika, kile kirefu kinachoonyesha majina ya wazazi, kimetolewa na jimbo. Kile cha hospitali chenye alama za nyayo za mtoto ni ukumbusho tu, hakikubaliki.
- Majina ya wazee walio hai na namba zao za simu.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, ni bure.
- Kadi ya maktaba ya mji wako. Ancestry na Fold3 ni tovuti za nyaraka za zamani za kulipia lakini maktaba nyingi za Marekani zinakuruhusu kuzitumia bure ukiwa pale ndani, so usikimbilie kulipa.
- Hela kidogo ya kuombea nakala za vyeti vya jimbo, maana kila nakala ina ada yake.
- Subira. Vyeti vya zamani vinachukua wiki au miezi kufika.

Kipimo cha DNA sijakiweka na wala usikinunue kwa kazi hii. Taifa la Cherokee halikubali DNA ya dukani kama ushahidi wa uraia, na kipimo chenyewe hakiwezi kukwambia huyu ni Mcherokee na yule ni Mchoctaw, kabila jingine la Wahindi Wekundu. Uraia huku unathibitishwa kwa karatasi, mtoto hadi mzazi, mzazi hadi babu, mpaka umfikie mtu aliyeandikwa.

Hatua ya 1: Uliza kama kuna ndugu ambaye tayari ni raia

Watu wanairuka hii kila siku na ndo njia fupi kuliko zote. Kama mama mdogo wa mke wako au binamu yake wa kwanza ameshaandikishwa, basi ukoo wake ulishathibitishwa mpaka kwenye orodha. Wewe kazi yako inabaki kuonyesha mnakutana wapi tu. Badala ya vizazi vinne unathibitisha viwili.

Piga simu. Uliza kwa adabu, mwambie unataka kuwaandikisha watoto, muulize namba yake ya uraia na jina la yule babu au bibi aliyetumia kwenye fomu. Wengine watakwambia kadi ipo kwenye kabati tangu miaka ya themanini na hawakujua kama ina kazi.

Ukipata hiyo namba, hatua ya 3, 5 na 6 bado zisome ila hazitakuumiza kichwa.

Hatua ya 2: Kaa na wazee, na uandike kwa Kiswahili

Ushauri wangu ambao hutaupata kwa Wamarekani. Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo na mama mkubwa, na neno moja kwa mjomba na baba mdogo. Mzee atakwambia "uncle Wiley" na utaandika hivyohivyo, halafu baada ya wiki mbili hujui Wiley alikuwa upande wa baba au wa mama, na upande ndo kila kitu kwenye hii kazi. Kwa hiyo muulize palepale, huyo ni kaka wa mama au wa baba? Afu wewe andika mjomba au baba mdogo. Madaftari yangu yote yako hivo na yameniokoa mara nyingi.

Maswali ya kuuliza: bibi aliitwaje kabla hajaolewa, aliolewa mara ngapi (wengi waliolewa zaidi ya mara moja, mume akifa anaolewa tena, jina linabadilika tena), ndugu zake wote ni kina nani, walizaliwa sehemu gani, walizikwa wapi, jina la utani ni lipi, na je alikuwa na jina la Kicherokee. Ndugu ni muhimu kuliko unavyofikiri. Kina Nancy na Mary wamejaa, ila Nancy mwenye kaka Wiley, dada Ahniwake na mdogo wake Jesse ni mmoja tu.

Picha piga. Biblia ya familia fungua zile kurasa za mbele, huko ndo walikokuwa wanaandika waliozaliwa na waliokufa.

Kuna stori moja utaisikia karibu kila nyumba, kwamba bibi alikuwa binti mfalme wa Kicherokee. Wacherokee hawakuwa na wafalme wala mabinti wafalme. Usimkatalie mzee mbele ya watu, andika tu jina na mahali, stori yenyewe iache. Mara nyingi ndani yake kuna mji wa kweli au jina la kweli.

Hatua hii imekamilika ukiwa na jina la ukoo la kuzaliwa la angalau mtu mmoja aliyezaliwa kabla ya 1906, au kama huna hilo, majina ya ndugu zake watatu na wilaya waliyoishi.

Hatua ya 3: Panda ngazi kwa vyeti, kizazi kimoja kimoja

Unaanza na mtoto wako au mwenzako. Cheti chake kinataja wazazi. Unachukua yule mzazi wa upande wa Cherokee, unaomba cheti chake, kinataja wazazi wake. Unaendelea hivo mpaka ufike kwa mtu aliyekuwa hai kati ya 1902 na 1906.

Kwa nini miaka hiyo? Kwa Wacherokee, ili mtu aingie kwenye orodha ya mwisho ya Dawes alitakiwa awe hai tarehe 1 Septemba 1902. Baadaye waliongezwa watoto wadogo waliozaliwa baada ya hapo na waliokuwa hai tarehe 4 Machi 1906. Aliyekufa 1901 hayumo hata kama alikuwa Mcherokee damu yote. Aliyezaliwa 1908 hayumo, kwa huyo unapanda ngazi moja zaidi kwa wazazi wake. Nimeona watu wakihangaika na bibi aliyezaliwa 1911 kwenye orodha ya Dawes, na hakuna namna atapatikana mule.

Tahadhari. Oklahoma ilianza kuandikisha watoto wanaozaliwa 1908 na miaka mingi ya mwanzo watu hawakujali, walizaliwa nyumbani na mkunga na ikaishia hapo. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa cheti hakipo. Fanya hivi: omba cheti kilichochelewa, maana wengi walikuja kujiandikisha wakiwa watu wazima walipohitaji pensheni au kazi, na hivi vyeti vya kuchelewa ni vizuri mno kwa sababu vilihitaji mashahidi. Kama nacho hakipo, omba cheti cha kifo, kinataja wazazi. Ila kumbuka kwenye cheti cha kifo anayetoa maelezo sio marehemu, ni mtoto au mkwe aliyekuwa na huzuni siku ile, na majina ya wazazi wa marehemu yanaweza kuwa na makosa. Kichukulie kama dokezo mpaka kitu kingine kikubaliane nacho. Kuna pia ile fomu ambayo mtu alijaza kuomba namba ya Social Security, inaitwa SS-5, mara nyingi mtu mwenyewe ndo aliandika majina ya wazazi wake. Mimi SS-5 ndo ilinipa jina la kuzaliwa la bibi.

Hatua ya 4: Sensa, ili uone familia ikiwa pamoja

Cheti kinakuonyesha mtu mmoja na wazazi. Sensa inakuonyesha nyumba nzima, na ndo maana nasema usiiruke.

Sensa ya Marekani iko wazi mpaka ya 1950. Anza na 1950 au 1940 kisha rudi nyuma, 1930, 1920, 1910, 1900. Kila ukirudi mtoto anakuwa mdogo mpaka unamwona akiwa nyumbani kwa baba na mama yake. Sensa za 1900 na 1910 zilikuwa na fomu maalum za Wahindi Wekundu zenye maswali ya ziada chini, kabila la mtu, kabila la baba yake, kabila la mama yake. Hizo zitafute kwa jina hasa. Ya 1890 usiipotezee muda, karibu yote iliharibika kwa moto, lakini Taifa la Cherokee lilifanya sensa yake lenyewe mwaka huohuo na hiyo ipo.

Na kumbuka Oklahoma ilianza kuwa jimbo Novemba 1907. Kabla ya hapo unatafuta Indian Territory, Cherokee Nation, na badala ya kaunti kulikuwa na wilaya tisa: Canadian, Cooweescoowee, Delaware, Flint, Going Snake, Illinois, Saline, Sequoyah na Tahlequah. Familia ambayo 1910 iko Adair County, 1900 itakuwa Going Snake au Flint. Chukua ramani ya leo na ya zamani uziweke pembeni.

Majina yatakuwa yameharibika. Karani alikuwa anasikia jina la Kicherokee anaandika anavyosikia, na familia moja inaweza kuandikwa namna tatu kwenye sensa tatu. Tafuta kwa umri na majina ya watoto na sio kwa jina la ukoo peke yake.

Hatua ya 5: Jua ni taifa gani na orodha gani

Haya ndo mataifa matatu ya Cherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani, na kila moja lina orodha yake ya msingi:

Cherokee Nation, makao yake Tahlequah, Oklahoma. Wanatumia orodha ya Dawes. Hawana kiwango cha chini cha damu, yaani hawajali sehemu ngapi za asili yako ni Mcherokee, unachotakiwa ni kushuka moja kwa moja kutoka kwa mtu wa kwenye orodha.

United Keetoowah Band, nao wapo Tahlequah. Hawa wanataka robo ya damu, na msingi wao ni orodha yao ya 1949 au Dawes.

Eastern Band, wapo Cherokee, North Carolina. Hawa ni wa mashariki, waliobaki kule wenzao walipohamishwa kwa nguvu 1838. Wanatumia orodha ya Baker ya 1924 na wanataka angalau 1/16 ya damu.

Ukiona familia yako haijawahi kukanyaga Oklahoma, iko North Carolina miaka yote, acha Dawes nenda Baker. Na kuna vikundi vingi vinajiita taifa la Cherokee, vina nembo na kadi na vinataka ada. Kama sio moja ya haya matatu usiwape hela wala vyeti vya watoto.

Hatua ya 6: Sasa fungua orodha ya Dawes

Hapa sasa. Faharasa ya bure ipo kwa Oklahoma Historical Society, unaandika jina unapata umri, jinsia, damu, kabila, namba ya kadi na namba ya orodha. Picha za kadi zenyewe zipo FamilySearch na kwenye katalogi ya mtandaoni ya National Archives, na nyaraka asilia zimehifadhiwa Fort Worth, Texas.

Namba ni mbili na watu wanazichanganya. Namba ya kadi ni ya familia, yaani nyumba moja kadi moja. Namba ya orodha ni ya mtu mmoja. Watoto sita kwenye kadi moja wana namba sita tofauti za orodha. Kwenye maombi utaulizwa namba ya orodha, lakini kwenye kutafuta, namba ya kadi ndo rafiki yako, maana ukishaipata unaangalia nani mwingine yuko kwenye kadi hiyo.

Namna ya kutafuta. Usianze na bibi. Anza na yule ndugu mwenye jina la ajabu. Mimi nilimwacha Nancy nikatafuta Ahniwake kwa jina la ukoo la baba yao nililolipata kwenye SS-5, akaja mmoja tu mwenye umri unaoendana, nikachukua namba ya kadi yake nikaangalia wengine wote wa kadi hiyo. Baba, mama, Wiley, Ahniwake, Jesse, na Nancy miaka 3. Nililia pale maktaba.

Kabla hujaamini, linganisha vitu vinne: umri unaendana na mwaka wa kuzaliwa ukiruhusu mwaka mmoja au miwili kwenda na kurudi, wazazi wanaendana na cheti, ndugu wanaendana na sensa ya 1900, na mahali panaendana. Vitatu kati ya vinne, endelea kuchunguza. Viwili, huyo sio wako.

Hatua ya 7: Soma kadi nzima, mpaka pembeni

Kadi ina sehemu ya juu yenye majina, uhusiano na kiongozi wa familia, umri, jinsia na damu. Afu ina sehemu ya wazazi, jina la baba na la mama wa kila mtu, na kama wamekufa. Hapo umepata kizazi kingine bure. Kuna pia kumbukumbu ya orodha ya 1880 na 1896 za Taifa la Cherokee, na wilaya, kwa sababu wale makamishna walikuwa wanamhakiki mtu kwa orodha hizo. Fuata hizo namba, zitakupeleka kwenye familia jinsi ilivyokuwa miaka ishirini kabla.

Chini na pembeni kuna maandishi madogo ya mkono. Usiyapuuze! Ndo yanayosema namba 2 amekufa tarehe fulani, namba 4 ameolewa yuko kadi nyingine, angalia kadi ya baba namba kadhaa. Skani ikuze, tumia taa, soma neno kwa neno.

Kwenye damu usishangae ukikuta kaka ana robo na dada ana 1/8, baba mmoja mama mmoja. Yale yalikuwa makadirio ya makarani, wengine walikuwa wanaangalia sura tu. Namba hiyo ina maana kwa mataifa yanayotaka kiwango, kwa Cherokee Nation haizuii uraia.

Halafu angalia kadi ni ya aina gani, hapa ndo watu wengi wanaumia:

Kadi yenye D ni ya mashaka na yenye R ni ya waliokataliwa. Picha ya kadi ya R inafanana kabisa na nyingine, ina majina ya familia yako, kila kitu, lakini hao hawakuandikishwa. Zaidi ya watu 250,000 waliomba kwenye makabila yote matano ya orodha ya Dawes na waliokubaliwa ni laki moja na kidogo. Kwa hiyo kukuta maombi ya bibi sio kukuta uandikishwaji wa bibi. Vivyo hivyo kwa maombi ya 1896, ule uandikishaji ulifutwa wote, ukiukuta ni ushahidi mzuri wa ukoo lakini hauhesabiki kwenye uraia.

Kadi yenye IW ni ya mzungu aliyeoa au kuolewa na Mcherokee. Ana namba, yumo kwenye orodha, lakini huwezi kupata uraia kupitia yeye. Tafuta mwenzake au watoto wake.

Ukiwa na namba ya orodha, namba ya kadi, aina ya kadi isiyo D wala R wala IW, na majina ya wazazi wawili wa bibi, hatua hii umeimaliza.

Hatua ya 8: Omba faili la maombi

Kwa kila kadi kuna faili, na ndani ya faili kuna maneno yao wenyewe. Waliitwa mbele ya kamisheni, wakaulizwa maswali chini ya kiapo, umezaliwa wapi, mama yako nani, uliolewa lini, umewahi kutoka nje ya taifa, na karani akaandika swali na jibu. Kuna hati za viapo za mkunga kwa watoto wadogo. Kuna vyeti vya ndoa.

Mafaili mengi yako kwenye mitandao ile niliyotaja, yamepangwa kwa namba ya kadi. Kama kurasa zimekosekana andikia ofisi ya Fort Worth, taja kabila, aina ya kadi na namba.

Kuna pia faili la ardhi, maana uandikishaji wote ulikuwa kwa ajili ya kugawa ardhi ya pamoja kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja. Lina ramani ya mahali hasa. Mume wangu alikwenda kusimama kwenye kile kiwanja cha bibi, sasa hivi ni malisho ya ng'ombe ya mtu mwingine, alikaa pale saa nzima bila kusema kitu.

Hatua ya 9: Kama familia iliandikwa Freedmen (waliotoka utumwani)

Hii naipa nafasi yake kwa sababu watu weusi wengi huku wanaambiwa stori ya bibi Mcherokee na wakitafuta kwenye orodha ya damu, ile ya waliohesabiwa Wacherokee kwa asili, hawamkuti, wanadhani walidanganywa. Wacherokee walikuwa na watumwa weusi. Mkataba wa 1866 uliwapa waliowekwa huru na vizazi vyao haki zote za raia. Tume ya Dawes ilipokuja, ikawaweka kwenye orodha ya peke yao, kadi zimeandikwa Freedmen, na hazina sehemu ya damu kabisa hata kwa mtu ambaye baba yake alikuwa Mcherokee anayejulikana.

Kwa hiyo mtafute bibi kwenye orodha zote mbili, kila mara, bila kubahatisha kwa rangi.

Kadi ya Freedmen ina kitu ambacho kinaumiza kukisoma lakini kitakusaidia. Inaandika jina la aliyekuwa mmiliki wa mtu huyo, na mmiliki wa baba yake, na mmiliki wa mama yake. Kwa jina hilo unaweza kurudi kwenye sensa ya watumwa ya 1860 ya ardhi za Wahindi Wekundu zilizo upande wa magharibi wa jimbo la Arkansas, nje ya jimbo lenyewe. Watumwa hawakuandikwa majina, wameandikwa umri na jinsia chini ya jina la mmiliki, na wewe ukiwa na umri wa bibi unaweza kumkaribia. Kabla ya Dawes pia kuna orodha za Wallace na Kern-Clifton za Freedmen, zitafute.

Na kuhusu uraia, mahakama ya shirikisho iliamua 2017 kwamba vizazi vya Freedmen wana haki ya uraia wa Cherokee Nation, na 2021 Mahakama Kuu ya Cherokee Nation ikaondoa kwenye katiba yao maneno yaliyotaka mtu awe wa damu. Mtu akikwambia Freedmen hawaruhusiwi, habari zake ni za zamani.

Hatua ya 10: Ukikosa kabisa, nenda kwa Guion Miller

Kuna waliokuwa Wacherokee kweli ila walikuwa wanaishi nje ya taifa, Texas au Arkansas au kwingineko, na Dawes hakuwaandika. Hao unaweza kuwakuta kwenye maombi ya 1906 hadi 1909 yaliyopokelewa na Guion Miller, kamishna wa mahakama, ya kugawana hela zilizoamriwa na mahakama kwa waliokuwa Wacherokee wa mashariki kabla ya kuhamishwa, na vizazi vyao. Hayakujali mtu anaishi wapi.

Mimi hata nikimpata mtu kwenye Dawes bado nafungua Miller, kwa sababu fomu yake ni tamu kuliko zote. Mwombaji anaandika babu na bibi wa upande wa baba na wa upande wa mama, kila upande peke yake, walikuwa wapi 1851, watoto wao wote kwa jina la Kiingereza na la Kicherokee. Hapo zile shangazi na mjomba za daftari lako zinakaa mahali pake. Soma na waliokataliwa, ukoo wao umeandikwa vilevile. Kutoka hapo unaingia orodha ya Drennen ya 1851 kwa walioletwa magharibi, au Old Settlers ya mwaka huohuo kwa waliotangulia, na kwa mashariki kuna Mullay 1848, Siler 1851 na Chapman 1852.

Ila elewa, kuwemo kwa Miller peke yake hakukupi uraia wa Cherokee Nation. Ukimpata bibi kwa Miller na hayumo Dawes, mtafute kaka au dada yake kwenye Dawes uthibitishe ukoo, ujue wewe ni nani, lakini fomu ya uraia itakwama. Uraia unashuka mstari mnyoofu, mtoto kwa mzazi, haupitii kwa kaka wa bibi. Inauma, najua.

Hatua ya 11: Peleka maombi

Fomu ipo kwa ofisi ya usajili ya taifa husika. Kila mtu anajaza yake, mtoto hawi raia kwa sababu tu mama yake ni raia, lazima umwombee. Na wewe uliyeoa au kuolewa hupati uraia kwa ndoa, ni watoto wako wanaopata.

Panga vyeti kwa ngazi, cha mwombaji juu, cha mzazi chini yake, mpaka kwa yule wa Dawes, na kila ukurasa utaje jina linaloungana na ukurasa unaofuata. Pale jina linapobadilika kwa ndoa weka cheti cha ndoa, fomu nyingi zinarudi kwa sababu hiyo tu. Soma maelekezo kama wanataka asilia au nakala iliyothibitishwa na jimbo. Skani kila kitu kabla hakijatoka mkononi. Usiweke vyeti vya watu walio hai mtandaoni, hata kwa kuuliza swali.

Wakirudisha, soma barua yao mara mbili, huwa wanasema ni kiungo gani kinakosekana, na mara nyingi ni kimoja. Rudi hatua ya 3 kwa kizazi hicho tu, ngazi nyingine usiziguse.

Na namba ya uraia ikifika, iandike kwenye daftari ukurasa wa kwanza, halafu mpigie shemeji na binamu zote uwape. Wao na watoto wao wataanzia hatua ya 1.